Koti Lililonukia Udi

Sogeza kiti, wewe unayenisikiliza, na usione haya kuuliza pale utakapokwama. Nitaanza na koti kabla ya mapenzi, kwa sababu usipolielewa koti hutaelewa ilikuwaje mtu niliyempenda akakaribia kufia mikononi mwangu.

Koti la kurinia asali hushonwa kwa marekani, kile kitambaa kizito cha rangi ya maziwa ambacho wapagazi wa Tabora walikibeba mabegani tangu enzi za misafara. Rangi nyeusi humchukiza nyuki, na sufu humchukiza zaidi, kwa kuwa humkumbusha manyoya ya mnyama aliyekuja kumwibia. Mshono hupigwa mara mbili. Mikono hufungwa kwa lastiki. Mifuko haiwekwi nje, maana nyuki akishaingia mfukoni hatoki kwa amani. Kofia ina ukingo mpana, na kutoka kwenye ukingo unashuka wavu hadi kifuani. Wavu wa mbele ya macho lazima uwe mweusi. Wateja hushangaa nikisema hivyo, baada ya kuwaambia kwamba nyuki hapendi weusi. Lakini jaribu mwenyewe: simama juani utazame kupitia chandarua cheupe, kisha utazame kupitia cheusi. Cheupe kinang'aa na kukuziba macho. Cheusi kinapotea, unabaki na dunia tu mbele yako.

Mtu aliyevaa vazi hilo lote hana umri wala sura. Huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Jambo hilo mikono yangu ililijua kabla ya akili.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, mjini Tabora. Alishona kanzu za harusi na sare za shule, na kabla ya msimu wa asali alishona makoti ya warina wanaoingia msituni. Mimi nilikaa kwenye cherehani ya pili tangu nilipomaliza shule. Miongoni mwa wateja wetu alikuwapo kijana mmoja wa Usoke. Wazazi wake walilima tumbaku, lakini yeye alichoshwa na moshi wa mabanda ya kukaushia, akamfuata baba yake mdogo aliyekuwa na kambi ya asali msituni, kusini ya reli. Alikuja mara ya kwanza na koti lililochanika bega. Nikalishona. Likachanika kiwiko. Nikalishona. Likachanika pindo, mahali ambapo hapachaniki. Baba akasema bila kuinua macho kwamba kijana huyu ama anapigana na chui, ama ana mkasi.

Tulipendana hivyo, kwa viraka. Alikuwa ameshaahidi kwamba msimu ukiisha atatuma wazee wake nyumbani kwetu kuposa.

Sasa nikueleze kuhusu kambi. Kambi ile haikuingiwa na mwanamke. Nilipouliza kwa nini, nilipewa sababu nyingi zisizolingana: nyuki watahama, asali itachacha, wanaume watagombana. Hii ya mwisho ilinichekesha, kwa maana wanaume wa kambi zile waligombana bila msaada wetu. Mzinga ni mali. Mtu huchagua mti, huchonga, hutundika, husubiri, na anayemrinia mwenzake mzinga wake hahesabiwi kama mwizi wa kuku. Niliwahi kumpima koti mzee mmoja asiye na vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilidhani ni ajali ya shoka. Akaniambia ni shoka kweli, lakini si ajali.

Kulikuwa na Jumamosi ya mvua ya mawe, ile iliyotoboa mabati ya nusu ya mtaa wetu. Baba na mama walikuwa Kigwa kwenye mazishi. Nilikuwa peke yangu dukani mchumba wangu alipokuja kuchukua koti, na mawe yakaanza kumwagika. Nikafunga mlango. Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi alasiri, tukinywa chai na kupiga kelele ili tusikilizane chini ya bati. Alinieleza mengi ya kazi yake. Alisema mtu anayekwenda kwa nyuki haogi kwa sabuni ya kunukia wala hajipaki mafuta, kwa sababu nyuki haoni mtu, ananusa mtu. Hakuna lililotokea siku ile ambalo ningeona aibu kumsimulia mama, isipokuwa kwamba lilitokea mlango ukiwa umefungwa.

Mvua ilipokatika aliondoka. Akaniomba jambo moja, nisimwambie mtu, mpaka wazee wake watakapokuja kwa heshima. Nami nikamwomba hilo hilo.

Wiki kadhaa baadaye alikuja mrina mmoja wa kambi ile kuchukua makoti ya wenzake. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi. Akiwa amenyoosha mikono baba amjaribishie koti, alisimulia kwamba siku ya mvua ya mawe mizinga ya mtu mmoja mkubwa pale kambini ilirinwa yote, kisha ikaangushwa na kuchomwa moto na watoto wa nyuki ndani yake. Mtu pekee ambaye hakuwapo kambini siku hiyo ni yule kijana wa Usoke, mtoto wa kaka wa mwenye kambi, na kila akiulizwa alikuwa wapi anafunga mdomo.

"Wamempiga?" baba aliuliza.

"Wamemuuliza, mzee. Lakini kule msituni kuuliza na kupiga ni ndugu wa tumbo moja."

Baba hakucheka. Mimi sindano ya cherehani ilinipita kwenye kucha, na sikuisikia mpaka nilipoona damu kwenye marekani.

Yule mrina akaendelea. Kijana kavunjwa mbavu, jicho moja limefumba, na bado hasemi. Mwenye mizinga alitaka amalizwe. Mwenye kambi, yule baba yake mdogo, hakuweza kumtetea kwa sababu ni damu yake, ila alipata kuahirisha: Jumatatu kijana atasimamishwa mzingani.

Hiyo ilikuwa desturi ya kambi ile, na ninaieleza kama nilivyoiona. Mshitakiwa husimama chini ya mzinga wenye nyuki, mchana kweupe, uso wazi. Kando yake husimama mtu asiye ndugu yake, anayeamini kwamba hana hatia. Huyo anaitwa msimamizi. Mzinga hugongwa kwa mti mrefu mpaka nyuki watoke. Wakimzunguka tu na kumwacha, amesafika, na neno la msimamizi limekubaliwa. Wakimvamia, ni mwizi, na wanaume wana ruhusa. Asiye na msimamizi hufungwa kamba kwenye shina, na aliyefungwa chini ya nyuki waliokasirishwa hahitaji tena kupigwa na mtu.

"Na huyu kijana," mrina alimaliza, akivua koti, "hana wa kumsimamia. Nani atasimama kwa mtu asiyesema alikuwa wapi?"

Nilijua alikuwa wapi. Duniani nilikuwa peke yangu niliyejua. Alikuwa amevunjwa mbavu akilinda mlango wangu uliofungwa.

Nilifikiria kumwambia baba. Lakini neno linalotumwa kwa mdomo wa mtu mwingine halisimami mzingani. Anayejua sharti aende, na anayejua alikuwa mwanamke. Kwa hiyo nilikata koti jingine, la kipimo changu, pana kifuani, na baba alipouliza nikasema ni la mteja. Nililipeleka nyumbani, nikalificha chini kabisa ya sanduku langu la nguo.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ninakuomba ulishike, ingawa mimi wakati ule sikulijua. Nyumbani kwetu kila Ijumaa mama hutia makaa kwenye chetezo, huweka udi, hufunika kwa tenga, na juu ya tenga hutandaza nguo za watu wote wa nyumba ili zishike moshi. Ijumaa ile alitoa nguo zangu sandukuni kama kawaida, akalikuta koti. Kwa mama, nguo mpya isiyofukizwa ni kama mgeni asiyekaribishwa. Akalifukiza vizuri, nje na ndani, akalikunja, akalirudisha. Sikunusa kitu. Aliyezaliwa ndani ya udi hanusi udi. Kwake hiyo ndiyo hewa.

Na mimi nilijitahidi mno. Niliacha sabuni. Niliacha mafuta. Jumamosi asubuhi nilijinyoa kichwa kwa wembe wa baba, nikajifunga kifua kwa kipande cha kanga, nikavaa buibui juu ya yote, nikatia koti na vitambaa kwenye kapu, nikambusu mama mkono nikimwambia nakwenda sokoni. Kweli nilikwenda sokoni. Nilinunua suruali na shati la mtumba, nikaingia chooni, nikavua buibui. Nilipotoka, mama mmoja mlinzi wa choo alinipiga kwa fagio mgongoni.

"Huoni hapa ni kwa wanawake, mwanaharamu mkubwa wewe?"

Nilimwomba radhi kwa sauti nzito, nikaondoka mbio. Mgongo uliuma, lakini nilijua kazi ya kugeuka imefaulu.

Basi liliniteremsha Usoke. Karibu na maghala ya tumbaku kulikuwa na watu wengi wamesongamana, na katikati yao kijana aliyesemekana kaiba baiskeli. Alikuwa amelala ubavu, akijikinga kichwa kwa viwiko, na kila mwanamume aliyefika alipewa fimbo. Sikupata kupita. Mtu mmoja mnene alinisukumia fimbo mkononi, akaniuliza nimekuja kutazama sinema. Nilipiga. Nilipiga ardhi karibu na sikio la yule kijana, kwa nguvu, vumbi likamrukia, na yeye akalia kama aliyepigwa kweli. Yule mnene akaridhika. Nilimwachia fimbo yake, nikatoka. Nilikuwa nimevaa suruali kwa saa chache tu, na tayari nilikuwa nimepigwa na nimetakiwa kupiga.

Nililala kwa familia moja ya wakulima wa Kanisa la Moraviani, watu wema, walionipa ugali na mkeka bila maswali. Kesho yake dereva wa pikipiki alinifikisha ukingoni mwa msitu, akanionyesha njia. Wenyeji wanaiita njia ya misafara, ingawa siku hizi ni ya baiskeli na ng'ombe tu. Nikavaa koti, nikabeba begani mzigo wangu, kitambaa na kofia za wavu, kwa maana nilikuwa nimeshaandaa la kusema: mimi ni kijana wa fundi wa Gongoni, nimeletwa kurekebisha makoti.

Sikupata nafasi ya kulisema. Aliyenipokea kambini alikuwa yule mwenye mizinga iliyochomwa, mtu mrefu mwenye mabega ya mpasua mbao. Alinipiga kwa mpini wa shoka begani kabla hajaniuliza jina, nikaanguka juu ya mzigo wangu. Alinipiga jinsi mwanamume anavyopigwa, bila kupima. Kisha akaniweka mguu kifuani, na mimi nikashika ule mguu kwa mikono miwili, si kwa maumivu bali kwa hofu kwamba atahisi ile kanga chini ya koti.

"Kila mgeni siku hizi ni mpelelezi wa mizinga yangu," alisema. "Wewe wa nani?"

Nikasema wa fundi. Nikasema pia, kwa sababu nilikuwa chini na sikuwa na la kupoteza, kwamba nimekuja kumsimamia kijana wa Usoke.

Wanaume waliokaa kwenye moto waligeuka kunitazama. Mwenye kambi, mzee mfupi mwenye ndevu chache, alinyanyuka akaja. Nikamwamkia shikamoo nikiwa chini. Akaitika marahaba, na akamwambia mwenzake aondoe mguu, maana msimamizi hakanyagwi. Aliniuliza kama najua maana ya kusimama. Nikasema najua. Akaniuliza kijana alikuwa wapi siku ya mvua ya mawe. Nikasema dukani kwetu, Gongoni, nami nilikuwapo. Mwenye mizinga akacheka kwa sauti kubwa. Akasema mtoto wa mjini mwenye mashavu laini kama andazi amelipwa chai aje kuongopa, na kama ni kweli, kwa nini mshitakiwa mwenyewe hasemi? Kuna aibu gani kukaa dukani kwa fundi?

Jibu lilikuwa mimi.

Nilipelekwa kwa mchumba wangu. Alikuwa amefungwa mikono kwenye mti nyuma ya kibanda cha asali. Naomba uvumilie nikueleze, kwa maana wengi husikia neno kupigwa wakafikiri ni wekundu na uvimbe. Uso wake ulikuwa mpana kuliko uso wa mtu. Macho yote mawili yalikuwa yamefungana, jicho la kushoto likitoa maji mazito. Midomo ilipasuka na damu ilikauka kwenye mikunjo ya shingo, na nzi walitembea juu yake bila kufukuzwa. Alipumua kwa pumzi fupi fupi, akiogopa mbavu zake mwenyewe. Nilipiga magoti mbele yake bila kusema neno, kwa kuwa aliyenileta alisimama karibu. Akainua kichwa, akavuta hewa puani.

Akanijua. Hakuniona, wala hakunisikia, lakini akanijua. Akasema kwa pumzi tu:

"Vua koti."

Nilidhani amepungukiwa akili kwa maumivu. Koti ndilo lililokuwa likinifanya mwanamume. Nilimgusa goti ili atulie. Akarudia, vua koti, na yule mlinzi akanivuta nyuma akisema mazungumzo yametosha.

Jumatatu jua lilipokuwa limepanda, walitupeleka kwenye mti wa mninga wenye mzinga wa gome uliotundikwa si juu sana. Wanaume walivaa kofia zao za wavu, wakasimama mbali na rungu na mapanga. Nilivuliwa kofia. Mchumba wangu alifunguliwa kamba, lakini miguu haikumbeba, nikamkumbatia kwa mikono miwili na uso wake ukaegemea kifua cha koti langu. Alikuwa anajaribu kusema kitu, na koti lilimziba mdomo.

Mwenye mizinga mwenyewe ndiye aliyegonga.

Nyuki wa kwanza walitoka kama watu wanaoamka kutazama mlangoni. Walizunguka juu yetu. Nilikuwa nimeanza kuamini. Kisha wakashuka, na sauti yao ikabadilika. Wanaoijua sauti hiyo hawaisahau: huwa nyembamba, kama kitambaa kinachochanwa. Walikuja moja kwa moja kwenye koti. Wakanichoma shingoni, masikioni, kwenye kichwa kipya kisicho na unywele. Na kwa kuwa uso wake ulikuwa kwenye koti, walimchoma yeye zaidi, kwenye midomo iliyopasuka, kwenye yale macho. Alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu. Nilimkumbatia zaidi ili nimkinge, na kadiri nilivyomkinga ndivyo walivyomla.

"Mwizi," alisema mwenye mizinga nyuma ya wavu, kwa utulivu kabisa. Nikaona panga linanyanyuliwa.

Mchumba wangu alijitupa pembeni, akaanguka, na kwa mdomo uliojaa nyuki akatamka neno moja zaidi.

"Udi."

Nikaelewa yote kwa mpigo. Ijumaa, chetezo, tenga, mkono wa mama. Nikajua kwamba wanaume wale wataamini nyuki, na nyuki wamekasirikia Ijumaa ya nyumbani kwetu. Nilikuwa na vitu viwili tu vya kuchagua: kubaki mwanamume, au abaki hai. Nilifungua zipu, nikalivua lile koti, nikakimbia nalo kuelekea kwenye nyasi, nikalirusha mbali kadiri mkono ulivyoweza.

Nyuki walilifuata. Hili nataka ulielewe vizuri: nyuki akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, na koti lile lilikuwa na miiba mingi juu ya udi. Walilifunika mpaka marekani ikawa nyeusi. Lilionekana kupumua. Nami nikasimama mbele ya wanaume wa kambi, kichwa kipara, shati limefunguka, kifua kimefungwa kwa kanga nyekundu yenye maua.

Wakachelewa kuamini macho yao. Wa kwanza kupata nguvu alikuwa mwenye mizinga. Alinijia akanipiga kofi lililonilaza chini, akasema mwanamke amenajisi msimu, asali yote sasa ni maji, na akainua rungu. Nilijikunja kama yule kijana wa baiskeli, viwiko juu ya kichwa. Rungu lilishuka mara moja, likanivunja mkono wa kushoto. Halikushuka tena, kwa sababu mwenye kambi alikuwa ameshika ncha yake.

Mzee huyo hakupoteza maneno. Aliwaagiza wenzake wawashe vienge vya magome, wafukuze nyuki kwa moshi, wamtoe mtoto wa kaka yake juani. Kisha akaenda kwenye nyasi na kienge mkononi, akafukiza lile koti mpaka nyuki wakalegea, akaliokota. Akainua wavu wake na kulinusa. Akamletea mwenye mizinga puani. Akawaletea wengine, mmoja mmoja, kama anayegawa ugoro. Kila aliyenusa alitazama chini.

Ndipo akaja kwangu. Nilikuwa nimekaa, nimeshika mkono uliovunjika kwa ule mzima.

"Binti," alisema. "Alikuwa wapi?"

"Dukani kwetu, baba. Mlango nilifunga mimi. Tulikuwa wawili tu, tangu asubuhi mpaka alasiri, na alinyamaza kwa ajili yangu."

Mwenye mizinga akasema mwanamke hawezi kusimama mzingani.

"Amesimama," mwenye kambi alijibu. "Wewe ulikuwa umevaa wavu."

Hakuna aliyecheka, lakini mtu mmoja alikohoa, na kikohozi hicho kilimaliza shauri. Nyuki walikuwa wamefuata nguo, si mtu. Mshitakiwa alipolala bila koti kando yake, hawakurudi kwake. Wote waliliona hilo. Aliyechoma mizinga ile hajajulikana hadi leo, na sitakudanganya kwamba ninamjua.

Tuliamriwa kuondoka kabla ya jua kutua, wote wawili, na tusirudi. Mzee alitukodishia mkokoteni wa ng'ombe. Njia nzima nilimng'oa mchumba wangu miiba kwa ukucha, nikiikwangua pembeni, maana ukiiminya kwa vidole unasukuma sumu ndani. Nilifanya kwa mkono mmoja. Alikuwa amevimba mpaka pete ya kidole ilikatwa hospitali. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona.

Baba alinikuta wodini. Alikitazama kichwa changu, mkono wangu, akamtazama mgonjwa niliyekaa kando ya kitanda chake. Nilingoja anipige, kwa kuwa siku hizo nilikuwa nimezoea. Akaniuliza tu kama mshono wa koti ulishika. Nikasema ulishika wote, hakuna nyuki aliyepenya. Akatikisa kichwa, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje, na nikaona dirishani mabega yake yanatikisika kwa kilio. Mama alipokuja na kuambiwa habari za udi, alikifungia chetezo kabatini, akakaa siku nyingi hawezi kukiwasha. Ilinibidi nimwashie mwenyewe, Ijumaa moja, nikiwa na bendeji, nimwambie kwamba kosa la upendo halina haja ya kufungiwa kabatini.

Wazee wa Usoke walikuja mwisho wa msimu kama alivyoahidi. Mume wangu hakurudi msituni. Anakata vitambaa dukani kwetu, na kwa jicho moja anakata mstari ulionyooka kuliko wangu. Akiwa na ghadhabu na mimi husema niliwahi kumkumbatia mara moja na ikamgharimu jicho, kwa hiyo nisogee mbali. Nasogea. Kisha yeye ndiye anayesogea.

Makoti ya warina bado tunayashona, tena mengi, na kila mteja ninamsimamisha pale mlangoni kabla hajaondoka. Wengine ni vijana wakubwa wenye haraka, huona ninawachelewesha kwa jambo dogo. Ninawaambia bila hasira, kama ninavyokuambia wewe, kwa maana hakuna aliyezaliwa akijua.

Ukipata koti jipya la nyuki, usiliingize kwenye sanduku la nyumbani. Lifue kwa maji matupu, lianike nje kwenye upepo hadi likauke kabisa, kisha mpe mtu asiye wa nyumba yako alinuse kabla hujalivaa.